Kijiji Kilichohama na Jina Lake: Kisa cha Kutafuta Kaburi la Babu Mkoani Tabora

Majina ya watu, ukoo, kijiji na parokia nimeyaondoa, na wilaya siitaji. Familia yenyewe iliomba kisa kiandikwe, kwa sababu kosa lililowagharimu fedha na aibu wameona likirudiwa na watu wengine wawili wanaowafahamu.

Usuli

Aliyenitafuta ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mzaliwa wa Tabora mjini anayeishi Mwanza. Nitamwita Mama Mwalimu. Anayetafutwa ni babu yake mzaa mama, Mnyamwezi aliyefariki kabla ya Uhuru. Mama yake Mama Mwalimu alikuwa kitinda mimba na hakumkumbuka baba yake hata sura. Aliolewa na Mwislamu wa mjini, akasilimu, na watoto wake wakawa Waislamu. Dada yake, yaani mama mkubwa wa Mama Mwalimu, alibaki Mkatoliki, na uzao wake vivyo hivyo. Kwa hiyo wajukuu wa mzee huyu mmoja leo wako pande mbili. Wanaelewana vizuri tu, ila likija suala la kaburi kila upande unataka mambo yaende kwa utaratibu wake.

Mama alipokuwa mgonjwa kwa mara ya mwisho alisema maneno ambayo yaliwakaa watoto moyoni: amezika watu wengi lakini hajawahi kusimama kwenye kaburi la baba yake. Baada ya arobaini wakaanza kutafuta.

Walikuwa na mambo manne mkononi. Jina la kijiji. Habari kwamba mzee alikufa "mwaka wa nzige". Habari kwamba alikuwa amebatizwa. Na habari kwamba kaburi lake liko chini ya mwembe. Angalia hayo manne kwa makini, maana habari inaweza kuwa kweli na bado ikakupoteza.

Jaribio la kwanza, kabla sijaitwa

Walikwenda kijijini, wakaripoti kwa mtendaji kama inavyotakiwa, naye akawapeleka kwa mzee mmoja wa miaka kama 80. Wakamuuliza: "Babu yetu fulani amezikwa hapa, si ndiyo?" Mzee akajibu ndiyo, wazee wote wa hapa wamezikwa kule makaburini. Wakafika makaburini, wakauona mwembe. Chini ya mwembe palikuwa na kaburi lisilojengewa. Mambo yote manne yakawa yametimia kwa mkupuo mmoja.

Kaka yao mkubwa, mtoto wa mama mkubwa, akatoa fedha. Fundi akaletwa kutoka mjini na saruji na marumaru, kaburi likajengewa, jina la babu likaandikwa, misa ikasomwa. Gharama zilifika shilingi 900,000, nauli ikiwa mbali.

Baada ya miezi minne mtendaji akapiga simu. Kuna familia ya pale pale kijijini imekuja kusafisha kaburi la mama yao aliyezikwa mwaka 1981, wakalikuta limevaa marumaru na jina la mwanamume wasiyemjua.

Mfuatano wa uchunguzi

Mwenyekiti wa kijiji alisuluhisha vizuri kuliko nilivyotarajia, nami hilo sitalirefusha. Nilipoitwa, jambo la kwanza niliuliza swali ambalo halikuwa limeulizwa: makaburi haya yalianza lini?

Mwenyekiti alijibu bila kufikiri. Yalianza mwaka 1974, walipohamishiwa pale. Marehemu wa kwanza kuzikwa alikuwa mtoto mchanga wa mwaka ule ule. Mwembe ulipandwa na wanafunzi shule ilipofunguliwa.

Maana yake, mtu aliyekufa kabla ya Uhuru hawezi kuwa pale, labda awe amehamishwa, na hakuna aliyehamishwa. Mwalimu Nyerere alitangaza Novemba 1973 kwamba kuishi vijijini ni amri, na nchi nzima iwe imekwisha kuhamia ifikapo mwishoni mwa 1976. Kigoma walikuwa wameshatangulia kwa operesheni yao mwaka 1972. Huku kwetu magari yalipita, watu wakabeba mabati, kuku na vinu. Makaburi hayakubebwa. Ila jina lilibebwa. Kijiji kipya kikapewa jina la mahali walikotoka wengi wao, na leo mtu akikutajia jina hilo hawezi kujua, wala wewe huwezi kujua, kama anataja mahali pa kabla ya 1974 au pa baada.

Kuanzia hapo niliwaambia tuache kutafuta kaburi kwa muda. Tutafute kwanza mzee alikuwa akiishi wapi katika mwaka aliokufa.

Mwaka wenyewe ulikuwa tatizo. "Mwaka wa nzige" ni kumbukumbu ya kweli, lakini nzige walikuja Tanganyika kwa mawimbi kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 hadi ndani ya miaka ya 1930. Kila mzee ana nzige wake.

Sanduku la bati la marehemu mama lilitusaidia. Ndani, chini ya kanga na vyeti vya shule, kulikuwa na stakabadhi ya kodi ya mwaka 1937 yenye jina la babu. Watu wa zamani walizitunza stakabadhi hizi kama roho zao, maana ukikutwa huna unakamatwa. Serikali ya Waingereza ilianza kutoza kodi ya nyumba na ya kichwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, na baada ya utawala wa kupitia watemi kuwekwa kisheria mwaka 1926, ukusanyaji ulipita kwa watemi na wanangwa wao, yaani wakuu wadogo waliokuwa chini ya mtemi. Stakabadhi ya babu ilikuwa na jina la mtemi na jina la mwanangwa. Na mtu mfu halipi kodi, kwa hiyo mwaka 1937 babu alikuwa hai.

Kisha nikaenda parokiani, na hapa nakiri kosa langu mwenyewe. Nilipoteza wiki tatu. Mapadre wa Shirika la Wamisionari wa Afrika walifika Tabora mwaka 1878, na popote walipofungua misheni waliandika: vitabu vya ubatizo, kipaimara, ndoa na marehemu, kwa Kilatini. Mimi niliingia kwenye kitabu cha marehemu moja kwa moja, nikitafuta jina la ukoo kama tunavyoandika leo. Sikuona kitu. Kwanza, watu wameandikwa kwa jina la ubatizo likiwa limevaa Kilatini, Yosefu ni Josephus, na jina la kienyeji limeandikwa jinsi sikio la padre lilivyolisikia. Pili, aliyefia kijijini mbali na misheni alizikwa na katekista wa kigango, na habari si lazima ilifika kitabuni.

Katibu wa parokia, kijana mdogo kwangu, ndiye aliyenifungua macho. "Mzee, watafute watoto wake. Aliyekufa hasemi, lakini mtoto akiolewa lazima aulizwe baba yake ni nani." Tukafungua kitabu cha ndoa. Mama mkubwa aliolewa mwaka 1941, na mbele ya jina la baba yake padre ameweka msalaba mdogo. Marehemu.

Basi, mwaka 1937 analipa kodi, mwaka 1941 ni marehemu. Dirisha la miaka minne. Kwa kazi ya namna hii hiyo ni bahati kubwa, na hatukuhitaji kumbukumbu za nzige tena.

Kilichobaki ni mahali. Kumbuka tulikuwa na jina la mwanangwa. Nilirudi kijijini na Mama Mwalimu, tukapita kwa wazee watano mmoja mmoja, kila mmoja nyumbani kwake. Hatukumtaja babu hata mara moja. Tuliuliza: "Shikamoo mzee. Nchi ya mwanangwa fulani ilikuwa upande gani?" Wanne walinyoosha mkono kusini magharibi, msituni. Wa tano alisema hajui, na jibu lake nililiheshimu kuliko yote.

Nikaagiza ramani ya zamani ya kipimo cha 1:50,000, zile zilizochorwa kutokana na picha za ndege na zinazopatikana idara ya upimaji na ramani ya Wizara ya Ardhi. Nilisisitiza toleo la kabla ya Operesheni ya kuhamia vijijini. Tukaitandaza mezani. Jina la kijiji lilikuwepo, limeandikwa kilomita 14 kutoka kilipo kijiji leo, na pembeni yake nukta nyingi za nyumba. Leo pale ni hifadhi ya msitu.

Msituni

Tuliandika barua mbili, moja kwa serikali ya kijiji na nyingine kwa Wakala wa Huduma za Misitu, tukasubiri. Tulipanga Septemba, nyasi zikiwa zimeungua na miguu inaona inakokanyaga. Anayekwenda Februari kutafuta kaburi la zamani Tabora anakwenda kutafuta nyasi.

Walituongoza warina asali wawili. Huu ndio uamuzi ninaojivunia. Wazee wanakumbuka majina, lakini mguu unaoijua njia ni wa mrina asali anayelala msituni na mizinga yake. Niliwauliza: "Matongo mnayajua?", yaani mahame, mahali watu walipoishi zamani. Wakacheka. Kumbe wanaweka kambi humo humo, kwa sababu kwenye matongo kuna miembe na visima vya zamani. Alama nyingine walizinitajia wenyewe: minyaa iliyokuwa ua na sasa ni miti mirefu, vigae, mawe ya kusagia yaliyopinduliwa, udongo mweusi palipokuwa zizi.

Tulitembea kwa muda wa saa tatu, mbung'o wakitufuata. Tulifika penye miembe saba mikubwa iliyopangika kwa mstari. Mtu anayejenga kwake hapandi kwa mstari. Nilihisi kitu, nikanyamaza.

Tuliporudi nilimpeleka Mama Mwalimu kwa bibi mmoja aliyezaliwa kule, umri wake unakaribia 90. Tulimwambia tumeona miembe saba. Bibi akasema: "Mjukuu wangu, ile si miembe ya kwetu. Ni ya mji wa malale. Tulipangwa mstari, jirani yako humjui kwao."

Hapo ndipo picha ilipokamilika. Katika miaka ya 1920 na 1930 serikali iliwakusanya watu wa sehemu nyingi za magharibi ya Tanganyika kwenye makazi ya pamoja ili kuwaondoa kwenye mapori ya mbung'o wanaoambukiza malale, ugonjwa wa usingizi. Kwa hiyo mahali tulipopaona penyewe palikuwa pa kuhamia. Jina lilikuwa limetembea mara mbili: kutoka kwa wenyeji wa asili hadi mji wa malale, kisha hadi kijiji cha 1974. Tulimuuliza bibi, mji ule ulianza kabla yeye hajazaliwa au baada? Kabla, akasema, yeye alizaliwa ndani yake. Umri wa mwanawe wa kwanza na mwaka wa ubatizo wa bibi vilituonyesha kwamba mji ulikuwepo mwaka 1937. Babu alilipia kodi yake pale.

Safari ya pili tulimbeba bibi kwa pikipiki hadi njia inapoishia, kisha kwa machela waliyoitengeneza wale warina asali. Alituonyesha mstari wa nyumba za watu wa mwanangwa yule. Nyuma ya mwembe wa nne kulikuwa na marundo matatu ya mawe. "Hapa walizika," alisema. "Nani na nani, nikikwambia nitakuwa naongopa."

Mabishano ya kibla

Mdogo wake Mama Mwalimu alikuwa na dira kwenye simu. Alipima marundo, akatangaza kwamba yamelala mashariki na magharibi, kibla kwetu ni kaskazini, basi babu alikufa Mwislamu na padre alikosea. Kaka mkubwa alikasirika, na pale msituni kidogo yazuke maneno.

Ilibidi nieleze, na naeleza tena hapa kwa kuwa jambo hili linachanganya wengi. Kutoka Tabora, Makka iko kaskazini ikiegemea mashariki kidogo. Maiti ya Kiislamu hulazwa kwa ubavu wa kulia ikielekezwa kibla, hivyo kaburi linalala kwa upana wa kibla, yaani karibu mashariki na magharibi, kichwa kikiwa upande wa mashariki. Desturi ya zamani ya Wakristo ni kumlaza marehemu kichwa magharibi na miguu mashariki, ili siku ya ufufuo atazame mawio. Makaburi yote mawili, ukiyaangalia kwa juu, yanalala njia moja! Kinachotofautisha ni kichwa kiko wapi. Jiwe la kichwani lingetuambia, na pale halikuwepo. Mwanandani, ule uwazi wa ndani ya kaburi la Kiislamu anamolazwa maiti, ungetuambia, lakini huo uko chini na hatukuwa na nia ya kuufikia.

Dira ya simu haikukosea hata kidogo. Swali ndilo lilikuwa la makosa.

Maamuzi na matokeo

Kijana mmoja wa familia alipendekeza tufukue, tupeleke mifupa ikapimwe vinasaba. Nilipinga, na Mama Mwalimu akapinga kwa nguvu zaidi. Kufukua kunahitaji kibali. Upimaji wa vinasaba vya binadamu una sheria yake ya mwaka 2009 chini ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Lakini hata kama milango yote ingefunguka, marundo ni matatu, na angalau mawili ni ya babu za watu wengine ambao hatujui wajukuu wao wako wapi wapewe taarifa. Familia hii ilikwisha kulivamia kaburi la watu mara moja.

Uamuzi ulikuwa kuweka alama ya mahali na kuyaacha marundo kama yalivyo. Jiwe moja kubwa, likisimama pembeni ya mwembe wa nne, limeandikwa majina mawili, la ubatizo na la kienyeji, pamoja na maneno "alizikwa katika mji huu kati ya 1937 na 1941". Saruji haikutumika ndani ya hifadhi. Marundo yote matatu yalisafishwa kwa usawa. Upande wa Kikatoliki walisali rozari, upande wa Kiislamu wakasoma dua, siku moja, asubuhi na adhuhuri.

Kaka mkubwa hakuridhika. Alitaka kaburi, akapewa mahali. Hakuja siku ya jiwe, ingawa alilipia usafiri wa bibi.

Nini kilifanya kazi, nini kilishindikana

Jaribio la kwanza lilianguka kwenye swali. "Amezikwa hapa, si ndiyo?" ni swali lililobeba jibu lake mgongoni. Mzee aliyeulizwa hakudanganya. Aliulizwa na wageni waliotoka mbali, wamevaa vizuri, wamefiwa na mama yao. Adabu ya kwetu haimruhusu mtu kuwaambia watu hao hapana mlangoni. Swali la mwanangwa lilifanikiwa kwa sababu halikumwomba mtu yeyote atufurahishe.

Kosa la pili la jaribio lile ni mwembe. Tabora, kumwambia mtu kaburi liko chini ya mwembe ni sawa na kumwambia mtu wa Ujiji kwamba nyumba iko karibu na ziwa. Miembe ilipandwa kando ya njia za misafara. Alama inayopatikana kila mahali haithibitishi mahali popote.

Lililofanya kazi kuliko yote ni kuubana mwaka wa kifo kutoka pande mbili kwa karatasi ambazo hazikuandikwa kwa ajili ya kifo. Mkusanya kodi alitaka fedha, padre alitaka kujua kama ndoa ni halali. Vifo vya Waafrika wengi wa enzi ile havikusajiliwa serikalini, kwa hiyo anayesubiri cheti cha kifo cha mwaka 1938 atasubiri sana. Afadhali sanduku la bati.

Ambalo ningelibadili: ningempata bibi kabla ya ramani. Nilimwacha mwisho kwa kuwa niliambiwa hasikii vizuri. Anasikia vizuri kabisa, ila hapendi kupigiwa kelele. Angetueleza habari za mji wa malale siku ya kwanza, na tungekwenda msituni mara moja tu, yeye akiwa na nguvu zaidi.

Ningeangalia pia Kitabu cha Wilaya kilichoko Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Maofisa wa kikoloni waliandika humo habari za watemi na wanangwa, na huenda tarehe ya kuanzishwa kwa mji ule imo. Sasa tunaitegemea kumbukumbu ya bibi na hesabu ya umri wa mwanawe. Mama Mwalimu ameshaandika barua ya kuomba ruhusa ya kusoma.

Kuhusu kaburi la makosa: familia ya mama wa 1981 ilikubali marumaru yabaki, kwa kuwa kuyabomoa kungeharibu kilichomo. Fundi alirudi na tindo, akafuta jina la babu, akaandika la mama yao. Ukipita pale jua la jioni likimulika kwa upande, herufi mbili za mwanzo za jina la zamani bado zinaonekana.